Shimo Lilishiba Kilio Chako

Papa Kalunga,

Mufuko wa gesi bado haujajaa. Nimeuangalia mara nne tangu nilipoketi hapa na daftari ya mutoto, na kila mara nasema hii ni ya mwisho. Yale mawe uliyopanga juu yake yamenyanyuka kidogo upande wa kuume, upande wa kushoto yamelala tu. Ungekuwa hapa ungeshanipigia kelele: "Mado, hiyo kiti iko na miiba?"

Ndiyo, iko na miiba. Leo ni Alhamisi, na saa nne ya asubuhi Sista Mwape, muuguzi wetu, atafika hapa na watu wa komite ya makazi. Gesi ikiwaka, friji ya chanjo inabaki kwetu. Ikikataa, friji inapandishwa kwenye gari inakwenda kliniki ya Kafutuma, na shimo lako la gesi linafukiwa kwa udongo, kwa sababu watu wamechoka na harufu. Hayo wameyasema mbele yangu, kwa adabu, lakini wameyasema.

Na kuna jambo lingine kubwa kuliko friji. Muke wako, Mama Alphonsine. Watu wanasema yeye ndiye aliyeua moto wako. Wanasema mujane ambaye hajaoshwa alishika moto, na moto ukafa. Papa, ni bongo, uongo mutupu. Moto niliua mimi. Watu wote wa hapa nimeshawaambia, kwa mudomo wangu, muchana, na jivu kichwani. Umebaki wewe. Ndiyo maana naandika. Tafadhali mara hii usinikatize kama kawaida yako, niache nifike mwisho.

Tulivyojuana unakumbuka. Nilikuwa na miezi miwili tangu nivuke mupaka kutoka Pweto, Kongo. Nilishukia Puta na watoto wawili na sufuria moja, kisha tukaletwa huku Nchelenge, kwenye makazi ya wakimbizi. Nilikuwa ninachukua samaki ziwani, ninatumbua nyuma ya nyumba, matumbo ninatupa kwenye kishimo. Nzi, usiseme! Majirani walinichukia. Siku moja nikaona muzee mwenye ovaroli ya bluu amesimama na ndoo juu ya kishimo changu, anachungulia kama mutu aliyepoteza pete. Nikajua ni mutu wa komite amekuja kunigombeza, nikatayarisha matusi yangu yote. Wewe ukavua kofia ukasema: "Mama, hii unatupa, unaweza kunipa miye? Hii njo umeme." Nilikupa. Kisha nikamwambia jirani, maskini, vita imemuharibia muzee wa watu kichwa.

Kumbe kichwa chako kilikuwa kizima kuliko vya kwetu wote. Ulikuwa fundi wa umeme kwenye migodi kule Katanga maisha yako yote, na huku ulikuta hakuna waya hata mumoja. Ukachimba shimo, ukalisakafia simenti, ukalifunika kabisa hewa isiingie. Upande huu pipa la kumwagia chakula chake, upande ule tundu la kutoka maji meusi ambayo leo yanaotesha mboga za lengalenga za wamama wote. Juu, tiyo ya kupeleka gesi kwenye mufuko wa mpira, na kutoka hapo kwenye jiko na kwenye jenereta ya friji. Katikati ile chupa yako ya misumari yenye kutu. Nilikuuliza misumari ni ya dawa gani, ukasema inakula harufu ya mayai mabovu ili injini isiugue. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Injini kuugua!

Nimesimama, nimerudi. Bado.

Mambo yote uliyonifundisha yanaingia kwenye neno moja: shimo ni tumbo. "Lisha yeye sawa mutoto wa kunyonya. Kidogo. Kila siku. Saa ileile." Maganda ya muhogo, matumbo ya samaki, mabaki ya mboga, yote yakatwe madogo, yachanganywe na maji kipimo kwa kipimo. Ulichora mustari wa chaki ndani ya pipa na ukaniambia hapo ndipo mwisho, hata kama aliyeleta ndoo ni askofu. Bukari, ugali wetu, uliichukia. Mutu akileta bukari iliyolala, ulichukua tonge moja, nyingine ulimurudishia na sahani yake. Na kila asubuhi kabla ya kugusa kitu ulipiga magoti, ukanusa tundu la kutokea, ukasalimia: "Mwashibukeni mukwai." Nilikuuliza kwa nini unasalimia kwa Kibemba wakati sisi wote ni watu wa Kiswahili. Ukasema hili shimo lilizaliwa Zambia, litajuaje Kiswahili?

Na ulinifundisha kunusa. Likinuka udongo wa bustani, liko sawa. Likinuka munkoyo uliochacha, kile kinywaji cha mahindi, simama, usililishe kitu, tumbo limeharibika. Nilijua hayo yote, Papa. Nataka ukumbuke hilo unaposoma mbele. Nilijua.

Homa yako ilikuwa ya siku tatu. Jumatano ulikuwa unakaza koki, Jumamosi tulikuwa tunatafuta mbao za sanduku. Sijui hata kama nililia ile siku ya kwanza, nilikuwa ninakwenda na kurudi tu. Watu walijaa uani kwako, Wakongo wote wa hapa na Wabemba wa upande wa ziwa, mpaka wengine walilala kilio chini ya miti. Dada yako mukubwa, Shangazi Beya, alifika kutoka Puta juu ya baiskeli ya kubebwa, analia tangu barabarani. Wamama wa kanisa walisonga bukari ya harusi mbili. Sombe ya majani ya muhogo, samaki, bukari, asubuhi na jioni, siku tatu.

Unajua kilio. Chakula kinapikwa kingi kuliko midomo, kwa sababu aibu ni kikipungua. Kikabaki. Mabeseni na mabeseni. Siku ya tatu, tuliporudi kutoka makaburini, mumoja wa wale wamama akasema: hiki chakula cha Papa Kalunga, kwa nini tukitupe? Si alikuwa anatukataza kutupa? Tupeleke kwenye shimo lake, nalo lipate kula kilio. Wote wakaitika, aaamina. Wakaanza kuimba. Walikuja kwa mustari, mabeseni kichwani, vitambaa vyeupe, wanaimba wimbo wa kuaga, na aliyetangulia akasimama mbele yangu akauliza: "Mama Fundi, tumwage?"

Mama Fundi. Hakuna mutu aliyewahi kuniita hivyo. Nilikuwa Mado wa samaki, Mado wa Papa Kalunga, Mado mwenye kelele. Sasa wewe umelala udongoni, na watu ishirini wananisubiri mimi niseme. Nikaona vizuri kabisa kwamba nikisema hapana, nitakuwa yule anayekataa kukulisha siku ya kukuzika. Na ngoja niseme na lingine: nilitaka. Nilitaka lishibe. Nilitaka kesho yake mufuko ujae mpaka upasuke, friji iungurume, jenereta ilie mpaka Chienge wasikie kwamba umekufa.

Nikafungua kifuniko. Nikasema mwageni.

Mustari wako wa chaki niliuona, Papa. Walipofika kwenye mustari, nilisogea nikaufunika kwa mugongo wangu, ili wasiuone na kusimama. Bukari yote iliingia. Sombe, vichwa vya samaki, mpaka maji machachu ya kuloweka muhogo. Wakaimba mpaka beseni la mwisho. Mimi pia niliimba.

Siku iliyofuata mufuko ulijaa kweli, haraka ajabu, na watu walisema unaona, muzee anashukuru. Mama Alphonsine alitoka nyumbani kwake kuja hapa na birika, kwa sababu Shangazi alikuwa na baridi na makala, yale makaa ya kupikia, yalikuwa yameisha. Akawasha jiko la gesi kwa mukono wake, akachemsha maji, akamupelekea wifi yake chai. Watu walimuona. Siku mbili baadaye moto ukawa wa manjano, ukapiga miguu, ukazima. Jenereta ikakohoa, ikanyamaza. Sista Mwape alikuja kuchukua chupa za chanjo akazipeleka Kafutuma kwenye sanduku la barafu, na friji ikabaki tupu, mulango wazi, isiote ukungu.

Shangazi akaangalia kikombe alichokuwa amekunywea. Akasema mbele ya watu wote: "Kaka yangu alikuwa na moto. Ni nani alishika moto wake bila kuoshwa?" Basi. Neno hilo lilitosha.

Unajua watu wetu na moto, hata wale wanaoongoza kwaya. Mujane haoshwi mpaka jamaa ya mume ikubali, matanga yatolewe, na kabla ya hapo hashiki jiko la wengine. Shangazi akakataa kutoa matanga. Akabaki pale nyumbani kwako, juu ya mukeka, anapikiwa na wengine. Mama Alphonsine akipika, chakula anakula peke yake. Kwenye bomba la maji wakimuona, wanatoa ndoo zao kwenye foleni, kila mutu amekumbuka ghafula kitu nyumbani. Mama aliyekuwa anauza makala akaanza kumuuzia kwa kutupia chini, ili vidole visigusane. Na mimi?

Mimi nilinusa tundu asubuhi ile moto ulipozima. Munkoyo. Munkoyo mutupu, mpaka macho yaliniwasha. Nilijua palepale kilichotokea na ni nani alikifanya. Nikafunga kifuniko nikaenda kutumbua samaki.

Wiki tatu, Papa! Wiki tatu nilikaa na hilo neno tumboni. Siri ya mutungi anaijua kata, na mimi ndiye nilikuwa kata. Nilijisemea nitasema kesho. Nilijisemea watasahau. Nilijisemea nikisema, hawataniamini tena kugusa shimo, na nani mwingine anajua kulitunza? Usiku sikulala, muchana nilikuwa nagombana na mizani, na samaki, na watoto wangu. Binti yangu mukubwa akaniuliza ni nani amenikosea. Nikamupiga kofi. Sijawahi kumupiga yule mutoto.

Kilichonivunja ni kitu kidogo. Nilipita nyuma ya nyumba yako nikamuona Mama Alphonsine anatwanga kwenye kinu, analia, nikadhani ni pilipili. Halafu nikaona kinu ni kitupu.

Nimekwenda tena kuangalia mufuko. Upande wa kushoto jiwe moja limeanza kuinama. Nisijidanganye. Ni saa mbili na nusu.

Nikaingia kwake ile siku bila kubisha hodi. Alikuwa amekaa karibu na jivu la kilio, lile rundo kubwa la mafiga matatu palipopikiwa chakula cha matanga, ambalo haliguswi mpaka siku ya kuyatoa, kisha linatupwa mbali mutu asilikanyage. Nikapiga magoti nikasema yote. Mustari, mugongo, wimbo, yote. Nikamwambia na la mwisho, lile gumu kuliko yote: kwamba tumbo likichacha dawa yake ni jivu, jivu jingi la kuni ngumu, ulinifundisha wewe. Nilizunguka nyumba kumi kuomba jivu wakanikatalia, wanaogopa shimo. Jivu la kutosha mahali pote hapa ni moja tu, na liko mbele yake.

Aliniangalia mpaka magoti yaliuma. Halafu akasema, polepole: "Wiki tatu, Mado. Wiki tatu banakimbia ndoo yangu pa bomba. Na weye ulijua."

Akasimama akaleta sepeto. Nilidhani ananipiga, na kusema kweli ningekaa nipigwe. Akaitupa chini. "Jivu utabeba weye mwenyewe. Kichwani. Muchana. Na kila mutu atakuuliza, utamujibu."

Shangazi alikuwa kwenye mukeka wake, amesikia yote. Alifungua mudomo kukataa, jivu la kaka yake, mila, mababu. Muke wako akamugeukia, yule mwanamuke wa sauti ndogo unayemujua, akasema: "Yaya, dada yangu mukubwa, bwana wangu alifanya kazi na vile watu banatupa. Jivu yake haiko kubwa kuliko yeye." Shangazi akasogeza mukeka wake kando, sepeto ipite.

Safari zilikuwa tisa. Kutoka kwako mpaka shimoni ni kupita bomba, kanisa na soko, hakuna njia ya kujificha, na jivu linamwagika, linaingia machoni, linakufanya kama mutu aliyefufuka. Kila mutu aliuliza. Muzee anayeshona nyavu aliuliza. Wauza vitumbua waliuliza. Mama wa makala aliuliza mara mbili, kwa sababu ya kwanza hakuamini. Na kila mara nilisimama nikajibu: "Ni mimi niliua moto. Nililijaza bukari ya kilio, nikaficha mustari. Mama Alphonsine hana kosa." Safari ya kwanza nilisema kwa kunong'ona. Mutu wa soko akasema sikusikia, sema tena. Safari ya tatu nilikuwa napiga kelele hata kabla hawajauliza. Wengine walitema mate. Mumoja alisema Wabemba wana haki kutucheka. Muzee mumoja Mubemba, ndiye aliyecheka kweli, akasema: awe, bamayo, hapana mama, hata mbuzi ukimupa unga ndoo nzima anavimba anakufa, kwa nini mulitafuta muchawi? Nilitaka kumukumbatia na jivu langu.

Safari ya sita nikakuta mutu nyuma yangu. Ni yule mama wa kwaya aliyetangulia na beseni siku ile, yule aliyeniita Mama Fundi. Amejitwika beseni la jivu, kitambaa chake cheupe hakikuwa cheupe tena. Wale wengine wote hawakutoka nyumbani. Mumoja ananitosha.

Bon. Nilichanganya jivu na maji, nikalinywesha shimo kidogo kidogo kama unavyomupa mugonjwa uji. Sikulilisha kitu kingine. Halafu nikapanda lori la muhogo mpaka njia ya Mwansabombwe, kwa yule mwenye ng'ombe uliyemuendea mwanzo, kutafuta mavi mabichi, kwa sababu ng'ombe ana ndani yake vile viumbe vidogo vinavyopika gesi. Alinijazia pipa. Kurudi, kifuniko kikafunguka kwenye mashimo ya barabara. Wasafiri walinitukana kwa lugha nne. Dereva akaniuliza mama unabeba nini, nikamwambia umeme. Akasema basi umeme wako ukae nyuma kabisa.

Mavi nikayamwaga shimoni, nikaanza kulisalimia shimo kama wewe. Asubuhi ya kwanza niliona haya. Nilipiga magoti, nikanusa, nikasema mwashibukeni mukwai, nikageuka kuona kama kuna mutu. Sasa sioni haya. Munkoyo ulipungua. Wiki ya pili harufu ikawa ya matope. Jumatatu hii mufuko ulijaa, na mimi, wewe unanijua, niliita watu. Nikawasha kiberiti mbele ya foleni nzima ya bomba. Kiberiti kikazima, fuu, kama mutu amekipuliza. Cha pili, fuu. Cha tatu. Foleni ikacheka, na nyuma nikasikia mutu anasema, unaona, ni yule mujane tu.

Ni jioni ndipo neno lako lilinirudia: "Mufuko ya kwanza ni pumuzi ya mugonjwa. Achilia." Mama wee! Uliniambia mara ngapi? Nikafungua koki nikaiacha ile hewa yote isiyowaka iende, huku nimekaa chini nalia kwa hasira. Kujaza tena ndiyo siku hizi tatu. Huu ndio mufuko ninaoungojea.

Saa tatu imepita. Mawe yote yamenyanyuka. Yote, Papa, hata la kushoto. Naona watu wa komite wanakuja na Sista Mwape mbele, amebeba lile sanduku lake la barafu. Na nyuma yao, sijui ni nani aliyemuita, Shangazi na fimbo yake. Naacha hapa.

Nimerudi. Sasa ni alasiri na nimekaa. Nimekaa kweli, mugongo kwenye ukuta.

Walipofika wote, mwenyekiti wa komite aliniambia: haya Mama, washa tuone. Nilikuwa na kiberiti mukononi. Na nikaona kwamba nikikiwasha mimi, na kikashika, watasema Mado ameuponya moto. Hakuna mutu atakayesema Alphonsine hakuuua. Watamuachia lile jina kama nguo iliyosahaulika kambani. Nikazunguka kundi nikamufuata. Alikuwa amesimama mbali, karibu na bustani, kwa mazoea yake ya siku hizi. Nikamupa kiberiti. Watu wakasema hee! Sista Mwape akanifinya mukono, akaniambia Mado, kama haiwaki? Nikamwambia kama haiwaki, shimo lifukiwe na mimi ndani.

Papa, nilikuwa naogopa. Sikuwa na hakika hata kidogo. Yeye hakuogopa. Alifunga kitenge vizuri, akapiga magoti mbele ya jiko, akafungua koki nusu, kama wewe, nusu tu. Akawasha.

Ilisema pah, ikakaa. Bluu. Ndogo, bluu, imesimama wima haipigi miguu. Nikalia kama mutoto wa darasa la kwanza. Halafu nikakimbilia jenereta, ikakohoa mara mbili, ikashika, na Sista Mwape akakimbia kwenye friji anaweka mukono ndani, anautoa, anauweka tena, kama inaweza kupoa kwa sekunde moja. Mwenyekiti akasema friji inabaki. Watu wakapiga makofi. Vizuri. Lakini mimi nilikuwa sitazami friji.

Muke wako alikuwa ameleta birika. Aliliweka juu ya ule moto, mbele ya wote, akangoja lichemke. Makofi yakanyamaza yenyewe. Akatia majani, akatia sukari, akamimina kikombe kimoja. Akapita katikati ya watu, wakamuachia njia, akapiga magoti mbele ya Shangazi Beya, akakishika kwa mikono miwili.

Shangazi alikiangalia kile kikombe. Mutu wa komite alianza kukohoa akajizuia. Yule dada yako ana uso ambao hausemi kitu, munafanana. Kisha akaegemeza fimbo kwenye goti, akakichukua. Akapuliza. Akanywa. Akanywa tena.

Akasema: "Sukari haitoshi."

Mama Alphonsine akasema: "Ndiyo, yaya." Akaenda kuleta sukari. Na yule mama wa makala, aliyekuwa anatupia chini, akanyoosha kikombe chake mwenyewe bila kuambiwa.

Jumamosi matanga yanatolewa. Shangazi amesema. Ataosha wifi yake kwa mikono yake, kisha atarudi Puta. Jivu la kutupa siku hiyo halipo, liko tumboni mwa kazi yako, na hakuna aliyelalamika, hata yeye. Bukari itapikwa nyingi, najua. Nimeshaongea na wamama: itakayobaki, watu watakwenda nayo nyumbani kwenye sahani, na shimo litapata tonge lake moja.

Nimekukasirikia, ujue. Ulikwenda haraka, hukuniachia hata daftari, kila kitu ulikiacha puani mwangu. Lakini nakushukuru kwa ile siku ulivua kofia mbele ya matumbo ya samaki. Nenda taratibu, muzee wangu. Huko kama wanatupa kitu, najua utakuwa umeshasimama juu yake na ndoo.

Ahadi yangu ni hii tu. Kidogo, kila siku, saa ileile, na salamu kwanza. Nimenunua chaki. Mustari nimeuchora upya leo, muzito, mutu anauona hata kutoka bomba la maji, na nikilisha nasimama upande wa pili.

Shangazi ananiita. Anataka kikombe kingine.

Mado